Kenya Law, TanzLII na Wenzao: Tathmini kwa Anayetaka Hukumu Yenyewe

Tarehe 19 Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya katika shauri la Geoffrey Andare dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kifungu hicho kilimwekea aliyetuma ujumbe wa kuudhi kupita kiasi kwa njia ya mawasiliano faini isiyozidi shilingi 50,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Mahakama haikusema watu waandike watakavyo. Ilisema maneno ya kifungu ni mapana mno, raia hawezi kujua kabla ya kuandika lipi kosa na lipi si kosa, na aliyechafuliwa jina ana mlango wa madai. Ukisoma kichwa cha habari peke yake utabaki na "mahakama yaruhusu matusi mtandaoni". Ukisoma hukumu utaona kitu kingine kabisa, na kizuri ni kwamba hukumu hiyo iko mtandaoni bure.

Hapa tunapima huduma zinazompa msomaji wa Afrika Mashariki hukumu za uhuru wa kujieleza, vyombo vya habari na haki za raia: Kenya Law, TanzLII, ULII ya Uganda, maktaba za mahakama mbili zilizoko Arusha, na hazina ya uchambuzi ya Global Freedom of Expression ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Uzuri wa kurasa tumeuacha kando. Tunachouliza ni kama mhariri au mwanaharakati mwenye simu na nusu saa anaweza kuipata hukumu, kuielewa amri iliyotolewa, na kujua kama amri hiyo ingali hai. La kwanza zote zinaliweza. La pili linategemea msomaji. La tatu ndilo linalowaangusha wengi, na huduma zenyewe husaidia kwa kiasi tu.

Kenya Law

Hii ni kazi ya Baraza la Taifa la Kuchapisha Taarifa za Sheria, lililoundwa kwa sheria ya 1994. Humo mna hukumu za ngazi zote za juu, sheria za nchi, miswada na Gazeti Rasmi la Kenya. Kwa anayefuatilia vyombo vya habari, Gazeti Rasmi lina thamani ambayo wengi hawaijui: kanuni, uteuzi wa wajumbe wa mabaraza na matangazo ya mawaziri huonekana huko kabla hayajawa habari.

Kabla ya kutafuta, elewa rejea za mashauri, kwa sababu ziko za aina mbili. Za zamani zinaandikwa mwaka kisha eKLR, mfano [2016] eKLR. Rejea ya namna hiyo haina namba ya shauri ndani yake. Mashauri mawili ya mwaka mmodi yenye majina yanayofanana, tuseme "fulani dhidi ya Mwanasheria Mkuu", yatakuwa na rejea isiyotofautika, na hapo ndipo watu hunukuu hukumu isiyo yao. Za sasa zina msimbo wa mahakama na namba: KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni Mahakama ya Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, kisha namba, kisha KLR. Ukikuta makala yenye rejea ya zamani, andika pembeni namba ya ombi na tarehe ya hukumu. Kwa Andare ni Ombi namba 149 la 2015. Namba hiyo haikosi.

Utafutaji unaofanya kazi ni wa hatua mbili. Anza na jina moja la mtu lisilo la kawaida: "Andare" au "Okuta" litakufikisha haraka kuliko maneno matano ya mada. Kama hujui majina, weka kifungu na jina la sheria kwa Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "section 194" pamoja na "Penal Code" (Kanuni ya Adhabu), halafu punguza kwa vichujio vya mahakama na mwaka. Alama za kunukuu si pambo. Bila hizo, neno section na namba 194 vitatafutwa kila kimoja kivyake, nawe utaletewa mashauri ya ardhi. Na usitafute kwa Kiswahili kwenye hukumu za Kenya. Karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na ukiandika "kashfa" utadhani nchi ile haijawahi kuwa na kesi ya kashfa.

Kifungu hicho cha 194 ni mfano mzuri wa mtego wa kwanza. Tarehe 6 Februari 2017, katika shauri la Jacqueline Okuta na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Jaji Mativo alitamka kwamba kashfa kama kosa la jinai inapingana na ibara ya 33 ya Katiba ya 2010. Miezi michache baadaye shauri la Robert Alai likaangusha kifungu cha 132 cha sheria ileile, kilichohusu kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma. Lakini tamko la mahakama halifuti wino. Kifungu kilichobatilishwa kinaweza kuendelea kuchapwa kwenye maandishi ya sheria mpaka Bunge likifute, kwa hiyo anayefungua Kanuni ya Adhabu peke yake anaweza kuondoka na imani kwamba mwandishi bado anaweza kufungwa miaka miwili kwa kashfa. Dawa yake: kila ukisoma kifungu cha jinai kinachogusa maneno, kirudishe kwenye kisanduku cha kutafutia hukumu. Dakika tano zinatosha.

Mtego wa pili ni mrefu zaidi na unastahili kukaa nao. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya Kenya ilipitishwa Mei 2018. Vifungu vyake vya 22 na 23 vilihusu taarifa za uongo, faini ikifika shilingi milioni tano, na kifungo kikifika miaka miwili kwa cha kwanza na kumi kwa cha pili. Tarehe 29 Mei 2018 Mahakama Kuu, kwa ombi la chama cha wanablogu wa Kenya, BAKE, ilisimamisha kwa muda vifungu 26. Tarehe 20 Februari 2020 Jaji Makau akatoa hukumu: ombi limekataliwa, vifungu vyote viko halali. BAKE wakakata rufaa. Oktoba mwaka huohuo, katika shauri tofauti kabisa lililoletwa na Seneti kuhusu utaratibu wa kupitisha miswada, majaji watatu walibatilisha sheria 23, hii ikiwemo, kisha wakaahirisha utekelezaji wa amri yao kwa miezi tisa. Mgogoro huo nao ukapanda ngazi za rufaa.

Sasa fikiria mtu aliyehifadhi kwenye simu yake ile amri ya Mei 2018 tu. Anajua "vifungu 26 vimesimamishwa" na ataendelea kukijua kitu ambacho hakipo. Amri ya muda ni kama mlinzi wa usiku: kazi yake huisha kukipambazuka. Kwenye Kenya Law angalia neno linalofuata tarehe katika rejea. Likiwa ni Ruling, yaani uamuzi mdogo, siyo Judgment, yaani hukumu, basi huenda kuna waraka mwingine uliokuja baadaye, nawe huna ruhusa ya kunukuu mpaka uutafute. Tafuta tena majina yale yale ukiwa umechagua KECA, kisha KESC. Usitegemee kwamba mpangilio wa majina utabaki. Kwenye rufaa aliyekuwa mlalamikiwa huweza kutangulia, na "BAKE dhidi ya" ikageuka kuwa "fulani dhidi ya BAKE".

Shauri la Seneti linafunza kitu kingine. Sheria ya vyombo vya habari inaweza kuanguka au kusimama kwenye kesi isiyotaja kabisa uhuru wa habari. Anayefuatilia neno "uhuru wa kujieleza" pekee asingeliona. Kwa hiyo tafuta pia kwa jina la sheria yenyewe, si kwa jina la haki.

Kwa upande wa sheria, Kenya Law ndiyo bora kuliko zote tulizozipima. Sheria zimepangwa kwa sehemu na vifungu vyenye viungo, unaweza kumtumia mwenzako kifungu kimoja badala ya kurasa 80, na marekebisho yanaonyeshwa kwa tarehe. Kinachokera ni kwamba viungo vya tovuti ya zamani bado vimejaa kwenye makala na ripoti za miaka iliyopita, kwa hiyo ukitumia rejea ya mtu mwingine jiandae kutafuta upya kwa jina.

TanzLII

TanzLII inaendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Hukumu za Mahakama ya Rufani zina msimbo TZCA, za Mahakama Kuu TZHC, na masjala na divisheni nyingine zina misimbo yao. Kwa wingi wa hukumu mpya haina aibu mbele ya Kenya Law, na kwa Mswahili ina jambo moja ambalo Kenya haina: tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale haki inapokihitaji. Hukumu za Kiswahili zipo na zinatafutika. Mashauri makubwa ya kikatiba, hata hivyo, mengi bado yameandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba yenyewe ya 1977 wananchi wanaisoma kwa Kiswahili na ibara yake ya 18, ya uhuru wa maoni, ni miongoni mwa maandishi ya sheria yaliyo mepesi kueleweka.

Ukitafuta kwa Kiswahili kumbuka tabia ya lugha yetu. Kiingereza hubadilisha mkia wa neno, Kiswahili hubadilisha kichwa. Gazeti huwa magazeti, mwandishi huwa waandishi, kufungiwa huwa lilifungiwa na yamefungiwa. Tafuta kila umbo kivyake, au tumia nomino isiyobadilika kama "habari", "kashfa", "uchochezi". Kisha rudia kwa Kiingereza. Ukifanya lugha moja tu umekosa nusu ya mashauri, na hutajua ni nusu ipi.

Anayetoka Kenya kuja kusoma hukumu za Tanzania atashangaa kwa nini mashauri mengi ya haki yanakwisha kabla hoja kuu haijasikilizwa. Sababu iko kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Shauri husikilizwa na majaji watatu, lakini kabla ya hapo hupita mikononi mwa jaji mmoja anayeangalia kama linafaa kusikilizwa. Marekebisho ya 2020 yaliongeza kwamba mleta ombi aonyeshe kwa kiapo namna jambo analolalamikia lilivyomgusa yeye binafsi. Matokeo yake, ukurasa wa kwanza wa waraka mwingi utakaoufungua umeandikwa uamuzi kuhusu pingamizi la awali. Uamuzi huo haujasema kama sheria inayolalamikiwa ni nzuri au mbaya. Umesema tu kwamba ombi limekuja vibaya. Kuandika "mahakama yahalalisha sheria ya habari" kwa msingi wa uamuzi wa pingamizi ni kosa la weledi, na ni kosa linaloonekana mara nyingi.

Jingine ni amri za mwisho. Ibara ya 30(5) ya Katiba ya Tanzania inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kutamka kwamba sheria ni batili, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Ndivyo ilivyokuwa katika shauri la Jebra Kambole dhidi ya Mwanasheria Mkuu, namba 32 la 2015, lililopinga vifungu kadhaa vya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Karibu hoja zote zilikataliwa, ikiwemo ya kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, chenye faini isiyopungua shilingi milioni tano za Tanzania au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kifungu cha 50 pekee, kinachohusu kumaliza makosa kwa malipo bila kesi, ndicho kilichoonekana kuvunja Katiba, na Serikali ikapewa miezi 12. Angalia neno "kisichopungua". Kenya wameweka dari, Tanzania wameweka sakafu. Anayelinganisha sheria hizi mbili bila kuliona neno hilo atakosea hesabu nzima.

Na kuhusu namba 50: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ina kifungu cha 50, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina kifungu cha 50 kuhusu makosa ya vyombo vya habari, na Kanuni ya Adhabu ya Uganda ilikuwa na kifungu cha 50 kuhusu habari za uongo. Vyote vitatu vimefika mahakamani. Namba bila jina la sheria haina maana.

Majina nayo yana hila. Ukiandika "Kambole" utakutana pia na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya 15 Julai 2020, ambayo ni ya kupinga matokeo ya urais mahakamani wala haihusiani na mtandao. Ukiandika "Mtikila" utaletewa karibu miaka 20 ya mashauri, kuanzia lile la Mahakama Kuu Dodoma la 1994 kuhusu vibali vya mikutano hadi la mgombea binafsi lililoamuliwa Arusha tarehe 14 Juni 2013. Hukumu za zama hizo hurejewa kwa kitabu na ukurasa, TLR (Tanzania Law Reports), kwa hiyo rejea mpya utakayoipata mtandaoni haitafanana na ile iliyo kwenye makala za wanasheria wa zamani. Tunza zote mbili.

Udhaifu wa TanzLII uko kwenye sheria zaidi kuliko hukumu, na si wa kulaumiwa peke yake. Toleo la Urekebu la 2023 la sheria za Tanzania lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Urekebu huingiza marekebisho ndani ya maandishi na huweza kupanga upya namba za vifungu. Hukumu ya 2019 inayotaja kifungu fulani inasema namba ya wakati ule. Ukifungua sheria ya sasa, chini ya namba ileile unaweza kukuta jambo jingine. Kabla ya kunukuu, hakikisha unajua toleo unalosoma ni la mwaka gani, kisha linganisha maneno ya kifungu na yale yaliyonukuliwa ndani ya hukumu. Yasipolingana, amini maneno, usiamini namba.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zinahitaji uangalifu uleule. Za 2018 zilimtaka mwenye blogu ada zilizofikia shilingi milioni 2.1 ukijumlisha maombi, leseni ya kwanza na ada ya mwaka. Zilifutwa na nyingine za 2020, ambazo nazo zikarekebishwa 2022. Kiasi hicho cha milioni 2.1 kingali kinazunguka kwenye makala kana kwamba ni cha leo. Kanuni hutoka kwa Tangazo la Serikali. Tafuta kwa namba ya tangazo na mwaka, usitafute kwa jina, maana jina halikubadilika.

ULII

Kwa Uganda tutapita haraka. Muundo wake unafanana na wa TanzLII, kwa hiyo aliyezoea mmoja hatapotea kwenye mwingine. Tofauti ya kujua ni msimbo UGCC, Mahakama ya Katiba, ambako ndiko maombi ya kubatilisha sheria huanzia. Mawili ya kufungua kwanza: rufaa ya Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 11 Februari 2004, ambamo Jaji Mulenga alieleza kwamba hata kauli ya uongo haiko nje ya ulinzi wa uhuru wa kujieleza, na shauri la Karamagi na Shaka la 10 Januari 2023 lililobatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. La kwanza linanukuliwa sana nje ya Uganda, na ukisoma aya zake za uwiano kati ya kosa na adhabu utaona chanzo cha hoja nyingi za Nairobi na Arusha.

Tahadhari ya namba iko hapa pia: Uganda ilianza kutumia toleo la saba la sheria zake Julai 2024, na Kanuni ya Adhabu iliyokuwa Sura ya 120 sasa ni Sura ya 128.

Mahakama za Arusha

Arusha kuna mahakama mbili na watu huzichanganya. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, EACJ, inatafsiri Mkataba wa Jumuiya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inasimamia Mkataba wa Afrika. Kila moja ina tovuti yake ambako hukumu hupakuliwa kama faili za PDF. Lakini kwa kutafuta ndani ya maandishi ni afadhali AfricanLII, inayoziweka mahakama za kikanda pamoja na kukuwezesha kutumia vichujio vilevile ulivyozoea.

EACJ ina hukumu tatu ambazo kila dawati la habari lingepaswa kuwa nazo. Ya chama cha waandishi wa Burundi, 15 Mei 2015. Ya gazeti la Mseto la Tanzania, 21 Juni 2018, iliyoamua kwamba amri ya waziri ya Agosti 2016 ya kulifungia gazeti hilo miezi 36 ilivunja Mkataba. Na ya Baraza la Habari Tanzania na wenzake, Rejea namba 2 ya 2017, iliyotolewa 28 Machi 2019 dhidi ya Sheria ya Huduma za Habari.

Hii ya mwisho isome kuanzia nyuma. Nyuma kuna orodha ya vifungu, nayo ni ndefu: vya maudhui katika cha 7(3), vya ithibati ya waandishi 19 hadi 21, vya kashfa ya jinai 35 hadi 40, vya taarifa za uongo na uchochezi katika hamsini na kitu, na vya 58 na 59 vilivyompa waziri uwezo wa kuzuia machapisho. Kisha isome amri kwa makini. EACJ haikuvifuta vifungu hivyo, wala haina uwezo wa kufuta sheria ya nchi mwanachama. Ilitamka kwamba vinakiuka ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba na kuiagiza Tanzania iirekebishe sheria. Marekebisho ya sheria hiyo yalikuja 2023. Anayetaka kujua kilichotekelezwa aweke nyaraka tatu sambamba: orodha ya hukumu, sheria ya marekebisho ya 2023, na toleo la sasa la sheria. Kazi ya saa moja, na hakuna huduma hata moja kati ya hizi itakayokupa jedwali hilo tayari.

Kwa wanaofikiria kwenda wenyewe EACJ, ibara ya 30(2) ya Mkataba inatoa miezi miwili tu tangu kitendo kinacholalamikiwa au tangu mlalamikaji alipokijua. Hakuna sharti la kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, na wengi husubiri rufaa ya nyumbani wakaja kukuta mlango umefungwa.

Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu ya Konaté dhidi ya Burkina Faso tarehe 5 Desemba 2014: kifungo cha mwandishi kwa kosa la kashfa kilivunja ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika. Haikusema kila adhabu ya kashfa ni haramu. Ilikataa kifungo, isipokuwa kwa mambo mazito kama uchochezi wa uhalifu wa kimataifa au chuki. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja, na uondoaji ukaanza kazi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo hukumu zake dhidi ya Tanzania ziko nyingi, lakini usidhani njia hiyo ingali wazi kwa shauri jipya la mtu binafsi.

Global Freedom of Expression

Hapa hakuna hukumu tu, kuna uchambuzi. Kila shauri lina muhtasari wa tukio, uamuzi, na alama inayosema kama limepanua uhuru wa kujieleza, limeubana, au limefanya mchanganyiko. Andare, Konaté na shauri la Baraza la Habari Tanzania yamo. Kwa mtu mwenye dakika kumi ni msaada mkubwa, hasa kwa kuona mashauri ya nchi nyingine yaliyozungumza hoja ileile.

Shida ni ile alama. Shauri la Kambole ungeliweka wapi? Kifungu kimoja kimepatikana na kasoro, vingine vyote vimesalimika. Neno "mchanganyiko" ni la kweli lakini halimwambii mhariri kama kesho anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 16. Pia muhtasari huandikwa wakati fulani, na rufaa haisubiri mwandishi wa muhtasari. Akili ya kuambiwa changanya na ya kwako: tumia hazina hii kupata jina la shauri na hoja, halafu nenda kwenye maktaba ya nchi husika ukasome aya.

Aya, nasisitiza, si kurasa. Ukurasa wa 14 wa PDF si ukurasa wa 14 wa simu ya mwenzako. Namba ya aya haibadiliki. Unaponukuu andika majina ya wadaawa, namba ya shauri, mahakama, tarehe na aya. Kwa sheria andika jina, kifungu na mwaka wa toleo ulilosoma. Na kwa kusoma hukumu ndefu, mpangilio unaookoa muda ni huu: amri za mwisho, kisha orodha ya hoja zilizobishaniwa, kisha sehemu inayopima kizuizi. Maswali ya kipimo hicho ni yaleyale karibu kila mahali: kizuizi kimewekwa na sheria iliyo wazi? Kina lengo halali? Ni cha lazima, na hakizidi kinachohitajika? Andare alishinda hasa kwenye swali la kwanza, Okuta kwenye la tatu. Simulizi za pande mbili mwanzoni, ambazo hula theluthi ya waraka, ziache mwisho. Humo ndimo waandishi huchota maneno ya wakili na kuyabandika kinywani mwa jaji.

Kuhusu Zanzibar

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya usajili wa magazeti na vitabu, namba 5 ya 1988, na maktaba yake, ZanzibarLII. Anayetafuta shauri la gazeti la Unguja ndani ya TanzLII atakosa, isipokuwa limefika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo husikiliza rufaa za pande zote mbili. Basi anza ZanzibarLII kwa jina, na ukilikuta limekatiwa rufaa, hamia TanzLII na uchague TZCA.